Aliyeoka Amege Kwanza

Mimi mtu akinikatalia chakula changu naumwa. Sisemi nahuzunika. Naumwa hasa, kichwa kinagonga na tumbo linanisokota. Nimepikia harusi za Unguja na hitima za London, nimepika biriani ya watu mia mbili katika jiko la ukumbi wa kukodi huku king'ora cha moshi kikilia juu ya kichwa changu, na masinia yalirudi hayana hata punje. Kwa hiyo ofisi yetu ya kuhudumia wazee majumbani iliponipangia bibi mmoja wa Kicheki ambaye, waliniambia, hali chakula, nilicheka. Nilisema moyoni, huyo hajakutana na mimi.

Alikuwa na miaka sabini na minane, akiishi peke yake katika fleti ya ghorofa ya pili huku Neasden, London. Alikuja Uingereza akiwa msichana, mwaka vifaru vya kigeni vilipoingia kwao, akashona mapazia kiwandani mpaka macho yakachoka. Mume alikwishakufa, na mtoto wake mmoja yuko Kanada, hupiga simu kila Jumapili. Kazini tumefundishwa kuwaita tunaowahudumia kwa majina yao, lakini ulimi wangu haukubali kumwita mtu wa rika la mama yangu kwa jina tupu. Nikamwita Bibi, nikamweleza maana yake, akaridhika. Yeye akaniita "msichana", nami nina miaka hamsini na minne na binti yuko chuo kikuu. Nikaridhika vilevile.

Majira ya baridi yale, kabla sijapangiwa, alikuwa amepata nimonia. Alitoka hospitali akiwa mifupa na macho. Nesi wa mtaa, Mkenya mmoja mwenye mikono mizuri na maneno ya moja kwa moja, alikuja kila baada ya wiki mbili na mizani yake kwenye mfuko wa begani. Siku aliyomkuta na kilo arobaini na mbili alinivuta jikoni.

"Mama, wacha nikuambie ukweli," akasema. "Hii weight haiwezi kuendelea hivi. Daktari amempatia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kama hatakuwa ameongeza, watampeleka nursing home."

"Aongeze ngapi?"

"Akifika arobaini na nne, mimi mwenyewe nitaandika abaki kwake."

Kilo mbili. Mimi huongeza kilo mbili kwa kupita tu nje ya duka la mikate. Niliona kazi hii ndogo. Lakini mlango wa jikoni ule haufungi vizuri, yale maneno nursing home hayahitaji mkalimani, na tuliporudi sebuleni Bibi alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti.

"Nimeishi katika nyumba hii miaka thelathini na sita," alisema. "Nitahama hapa mara moja tu, na nikitoka sitakuwa natembea."

Basi nikaanza vita. Nilimpikia uji wa mchele kwa tui zito. Nikampikia supu ya kuku ya ndimu na pilipili manga, viazi vya kuponda vya siagi, mkate wa mayai. Alionja vijiko viwili, akapangusa midomo, akasema asante. Ile asante yake ilinikera kuliko tusi. Nesi alikuwa amemwachia vichupa vya maziwa mazito ya kumpa nguvu, ladha ya stroberi. Kila asubuhi nilikuta kichupa kitupu nikakiandika kwenye daftari la huduma kwa furaha, mpaka nilipoona ua lililoko dirishani limenawiri kuliko mwenye nyumba. Nikachimba udongo kwa kidole. Ulikuwa wa rangi ya waridi na unanuka.

"Bibi, ua hili lina kilo ngapi sasa?" nikamuuliza.

Hapo nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza. Nikavuta kiti. Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza laiti nisingekuwa na majivuno: kama angekuwa na hamu ya kitu kimoja tu duniani, kingekuwa nini.

"Kolachi," akasema. "Ya jibini."

Akanielezea. Ni mkate mtamu wa hamira, mviringo, wa kutosha kiganja. Kabla haujaingia kwenye oveni unabonyezwa katikati kwa kitako cha glasi, pawe shimo. Shimoni panatiwa jibini laini nyeupe, ambayo si ile ya kukata kwa kisu bali maziwa yaliyogandishwa yakachujwa maji, yakachanganywa na kiini cha yai, sukari na zabibu. Juu hunyunyizwa chenga za unga, siagi na sukari. Mama yake alioka kila Jumamosi kwa ajili ya Jumapili. Na ikija harusi wanawake wa mtaa hukusanyika siku kadhaa kabla, wakaoka kolachi ndogondogo kwa mamia, na vikapu hupelekwa mlango kwa mlango kwa majirani. Anayeletewa anajua kuna ndoa na anajua hakusahauliwa.

Nilikuwa namsikiliza naona uwani kwetu: wanawake wamejazana kwa mwenye harusi, huyu anapepeta mchele, yule anakuna nazi, wote wanasema watu. Na masinia yaliyofunikwa yakitoka nyumba hii kwenda ile. Nilikuwa nikidhani hayo ni yetu peke yetu.

Nilipomwambia nesi, nilidhani atakataa, maana watu wa lishe wakisikia kitu kitamu hukunja uso. Akauliza ndani mna nini, nikamtajia.

"Mtindi umechujwa?" alisema. "Hiyo ni protein, mama. Na calcium ya mifupa. Umri wake, ukilala kitandani wiki mbili misuli inayeyuka, sasa anahitaji hiyo kitu kuliko sukari. Weka mayai, weka butter, na hiyo jibini iwe mingi kushinda unga. Si hizo chupa zangu ni maziwa na mayai tu zimevaa suti? Hakuna mtu huota ndoto ya chupa."

Nikatoka hapo kifua mbele.

Jaribio la kwanza nililifanya nyumbani kwangu, bila kumuuliza mtu, kwa sababu mimi nisingefundishwa kukanda unga na mtu aliye na kilo arobaini na mbili. Nilinunua jibini ya paketi kwenye duka la Wapoland. Unga nikaukanda ninavyojua: tui la nazi, hamira, iliki ya kutwanga, iliki ya kutosha. Ziliumuka vizuri mno. Bibi aliishika moja, akainusa, akaitazama kama barua aliyoletewa kwa makosa.

"Inanukia duka la manukato," akasema. Akaiweka chini.

Nilirudi nazo zote. Binti yangu alikula sita amesimama, viatu hajavua. Yeye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu zaidi kwa Kiingereza, tangu mdogo. "Mama, these are amazing," alisema, na chenga kidevuni.

"Wewe si bibi wa Kicheki," nikamjibu, nikaenda kulala na maumivu yangu. Mchele mmoja mapishi mbalimbali, tunasema, lakini tunasema tukiwa tumeshika mwiko sisi.

Kesho yake nilijishusha. Nilimwambia Bibi anifundishe. Alitaka kiti chake kihamishiwe jikoni, akajifunika shali, akaanza kutoa amri. Unga, maziwa ya uvuguvugu, hamira, viini, siagi, ganda la limau la kukwaruza. Iliki nilipoitaja aliinua kidole. Tulipofika kwenye zabibu akasema ziloweshwe kwenye ramu.

"Pombe mimi sishiki," nikasema.

"Ni kijiko kimoja."

"Hata tone."

Tukatazamana. Yeye ana kiti na shali, mimi nina unga mpaka viwikoni. Mwishowe akasema zabibu zilale kwenye chai ya rangi, na mimi nikaiweka iliki yangu kabatini. Tulikuwa sawasawa.

Ile ya paketi hakuitaka tena. Alitaka jibini ya nyumbani. Maziwa yakatiwa kijiko cha mtindi, yakafunikwa kwa sahani na kuwekwa karibu na hita, yakalala siku nzima na usiku wake mpaka yakashikamana. Kisha yapashwe moto mdogo, mdogo kiasi cha kidole kuvumilia, yaachane na maji yake. Mimi kwa mazoea ya kazi hii, ambapo kila nyumba ina dakika zake, nikaongeza moto. Nilipata punje ngumu zinazoruka kwenye meno.

"Umetengeneza vifutio," akasema Bibi, na kuniagiza maziwa mengine.

Haraka haraka haina baraka, na mama yangu aliniambia hilo mbele ya kila chungu. Mara ya pili nilisimama pale na moto wake mdogo mpaka miguu ikaniuma. Nikayamimina kwenye kitambaa cha melimeli ninachochujia tui, nikakifunga fundo na kukining'iniza kwenye bomba la sinki. Maji ya kijani hafifu yakadondoka tone tone. Nilipofungua, ndani mlikuwa na donge jeupe, laini, safi, la kujivunia.

Ila kazi zote hizi zilichukua siku, na siku haziningoji. Mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu mimi na saumu. Sitangazi. Tumelelewa hivyo, saumu yako ni wewe na Mola wako, na anayepita akisema nimefunga nimefunga amekwishakula thawabu zake. Mtu akinikaribisha chai nasema, "Asante, baadaye," na mambo yanaisha. Na kupika bila kuonja hakunisumbui. Kwetu mwanamke hupika futari mwezi mzima kwa pua tu, na chumvi haikosei. Kwa hiyo nilipooka kolachi zile siku ya kwanza, jikoni kwa Bibi, sikuona haja ya kusema lolote. Nilizibonyeza kwa kitako cha glasi, nikazijaza jibini, nikatawanya chenga. Zilitoka na rangi ya dhahabu pembeni na weupe katikati, na fleti nzima ikanukia siagi na limau.

Bibi aliziinamia. Akagusa moja kwa ncha ya kidole.

"Ndizo," akasema.

Nikamtilia kwenye sahani na chai. Nikasimama pembeni na daftari langu, tayari kuandika ushindi.

"Na wewe?" akauliza.

"Asante, baadaye."

Akanitazama. Akaokota chenga moja, akaitia mdomoni, akaisogeza sahani mbali. "Sina njaa," akasema.

Siku ya pili nikazipasha moto. Na wewe? Asante, baadaye. Sina njaa. Siku ya tatu nikaoka mpya kabisa, nikadhani labda za jana zimekauka. Vilevile. Kila jioni nilirudi na sahani iliyojaa na binti yangu akafuturu kolachi kwa raha zake, akisema bibi huyu Mungu amzidishie kukataa. Mimi sikucheka. Kati ya siku hizo nesi alikuja, akampandisha kwenye mizani, akanionyesha namba. Arobaini na moja na nusu.

Niliposhuka ngazi siku ile nililia. Nililia hasira, halafu nikalia hofu. Nilimwona tayari kwenye chumba cha watu wengine, dirisha si lake, mtu asiyemjua akimwekea sahani mbele na kuandika kwenye daftari.

Siku ya nne nikalipuka. Ilikuwa alasiri, koo limenikauka, mgongo unaniuma, na sahani iko pale pale, imesogezwa pale pale. Nikaliweka daftari juu ya meza kwa kishindo.

"Bibi, mimi nimekaa na maziwa yako kama mtu aliye na mtoto mchanga," nikasema. "Nimeacha iliki. Nimesimama miguu ikavimba. Kila ulichoniambia nimefanya. Kwa nini huli?"

"Kwa nini wewe huli?" akasema.

Nikalifunga daftari.

"Siku nne," akaendelea, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko mwili wake. "Unaoka, unaweka mbele yangu, unarudi nyuma, unasimama pale na kalamu. Hujatia hata chenga mdomoni. Kwetu aliyeoka ndiye anayemega wa kwanza. Mama yangu alisema asiyekula alichokioka ana jambo analificha. Mmeweka nini humu? Dawa ya kunilaza ili mnihamishe vizuri?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu huyu alidhani mimi, mimi niliyeacha iliki, nimemtilia dawa. Halafu nikaona ilivyokuwa kwa macho yake, na hasira yote ikaniishia. Nikakaa.

"Nimefunga, Bibi," nikasema. "Ni Ramadhani. Siwezi kula wala kunywa mpaka jua lizame."

"Tangu lini hujala?"

"Leo? Tangu kabla ya alfajiri."

"Na umeoka ukiwa hivyo." Akanigeukia mwili mzima. "Siku nne. Na harufu hii yote. Hukuonja hata kwa ncha ya ulimi?"

"Hapana."

"Una wazimu," akasema, lakini kwa heshima. Akatazama saa ya ukutani. "Jua linazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi."

"Basi na mimi sili mpaka wewe ule."

Nikamwambia yeye hana nguvu ya kungoja, nesi ataninyonga. Akasema ameshinda na njaa miezi miwili bila sababu, na leo ana sababu.

Zamu yangu iliisha saa kumi na moja. Nikajiandikia kwenye daftari kwamba nimetoka, na kwa kweli nilitoka: nilivua aproni ya kazi, nikaenda mpaka mlangoni, nikabisha hodi, nikaingia tena. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nikampigia simu binti nimwambie apashe mchuzi afuturu peke yake.

"Unafuturu na client?" akaniuliza. "Mama, is that even allowed?"

"Zamu imekwisha," nikamwambia. "Hivi sasa mimi ni mgeni wa mtu."

Bibi alinituma kwenye droo ya chini kuleta kitambaa cha meza, cheupe, chenye maua mekundu yaliyodariziwa kwa mkono. Hakikuwa kimetoka tangu mume wake afe. Tukakitandika. Nikatoa tende zangu kwenye mkoba, nikaweka maji, chai, kolachi katikati. Kisha tukakaa tukangoja, watu wazima wawili na chakula mbele yao, wanatazama dirisha. Dakika zile zilikuwa ndefu. Nilimwona akimeza mate, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ilikuwa habari kubwa, maana kinywa kilichokufa hakimezi mate.

Adhana ililia kwenye simu yangu. Nikala tende, nikanywa maji, nikasema niliyopaswa kusema. Kisha nikaichukua kolachi, nikaimega mbele ya macho yake na kuitia mdomoni.

Nimekula vitu vingi vitamu, na vingine nimevipika mwenyewe. Lakini ile sikuitarajia. Mkate ulikuwa mwepesi, jibini ya baridi kidogo na uchachu wake, limau likija nyuma, kisha zile chenga zikivunjika. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Bibi alikuwa ananitazama taya, anahesabu ninavyotafuna, na alipoona nimemeza akanyoosha mkono kuchukua yake.

Akaila yote. Akala ya pili. Akaomba tende, akasema inafanana na kitu walichokuwa wakikipata Krismasi tu. Akala nusu ya tatu na nusu yake akanisukumia mimi.

Nilimwosha mikono jioni ile nikiona haya. Maradhi yake hayakuwa ya tumbo. Tangu mume wake afe alikuwa akila peke yake akiangalia ukuta, na tangu augue alikuwa akila huku mtu amesimama juu yake anaandika. Mimi ninayejigamba kwa masinia, mimi niliyelelewa mahali ambapo mtu hali peke yake labda awe mchawi, nilimwekea mwanamke mzee sahani moja na kusimama. Hilo ndilo kosa langu, na nimelisema.

Nikaomba ofisi Bibi awe wa mwisho kwenye ratiba yangu. Kila jioni tukafuturu pamoja. Kolachi ilifungua njia na vingine vikafuata: supu yake ya viazi, uji wangu wa mchele, ambao sasa aliudai kwa jina. Wiki ya pili alisimama akishikilia meza na kubonyeza unga mwenyewe kwa glasi yake. Wiki ya tatu alinikaripia kwa kuuchosha unga. Lile ua likaanza kunyauka kwa kukosa stroberi, ikabidi nilinunulie mbolea.

Siku ya mwisho ya kupimwa iliangukia asubuhi ya Idi. Wenzangu waliomba mapumziko na mimi nilikuwa na haki ya kuomba, ila ningekaaje nyumbani. Nilitoka kuswali, nikavaa gauni langu jipya na mtandio wa rangi ya zambarau, nikafunika sahani ya vileja, biskuti zetu za Idi, nikapanda ngazi. Nesi alinikuta kwenye kizingiti akihema na mizani yake.

"Umependeza, mama. Unaenda harusi?"

"Inategemea na mizani yako," nikamwambia.

Kabla sijatia ufunguo, mlango ukafunguliwa. Alifungua Bibi mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa aproni yenye unga mpaka kifuani. Nyuma yake fleti yote ilinukia siagi na limau. Alikuwa ameamka alfajiri akaoka, peke yake, hakuna mkono wangu ndani. Nikaelekea jikoni, akanizuia kwa kiwiko.

"Kwanza mizani," akasema. "Sitaki watu waseme ni kifungua kinywa."

Akavua aproni. Akavua viatu. Akaivuta nje mifuko yote ya gauni lake ili nesi aone hakuna kitu kilichofichwa. Akapanda. Mimi nilimtazama nesi usoni, sikuweza kutazama namba.

Nesi akakunja uso. "Shuka," akasema. "Panda tena."

Akapanda tena. Nesi akainama, akaihamisha mizani kutoka kwenye zulia hadi kwenye sakafu ngumu. "Mara ya mwisho, tafadhali."

"Haikosei hiyo," alisema Bibi, na kupanda kama malkia.

"Arobaini na tano," akasema nesi. Aliinuka taratibu, anatabasamu mpaka masikioni. "Arobaini na tano, mama. Huyu haendi popote. Naandika sasa hivi."

Sikujizuia, na wala sikutaka. Nikapiga kigelegele pale kwenye korido, mlango uko wazi, kigelegele kile cha bibi harusi akitoka ndani, kikashuka ngazi mpaka chini. Mlango wa pili ukafunguliwa. Jirani, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa na ambaye kwa miezi yote hiyo tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu, akatoa uso.

"Nani anaolewa?" akauliza, kwa Kiswahili chake kizuri cha Mvita.

"Hakuna anayeolewa. Bibi anabaki kwake."

Nikamfasiria Bibi swali lile. Akasimama akafikiri, halafu akasema basi jirani lazima aingie, maana kwao habari kama hii haipelekwi bila kolachi. Tukaingia wote. Kitambaa chenye maua mekundu kilikuwa kimekwishatandikwa, na katikati sinia limefunikwa. Jirani aliuliza kama zina yai, na zina, naye dini yake hairuhusu yai, kwa hiyo akachukua chai na konzi ya zabibu akakaa kwa raha. Nesi akatia mizani chini ya kiti. Vileja vyangu nikaviweka kando ya sinia, na mimi kwa mazoea nikarudi nyuma hatua mbili, nikasimama ukutani.

Bibi alinionyesha kiti.

Nilipokaa alifunua sinia. Akachagua moja, akaiinua tuione sote, akaimega yeye wa kwanza kama apasavyo aliyeoka, akatafuna bila haraka na kumeza. Kisha akatazama dirishani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumba kizima. Akageuza kichwa kuniangalia ili ahakikishe saumu imekwisha, nami nikamwitikia kwa kichwa.

Akanitia mkononi ile nusu iliyobaki. Nikainusa kwanza. Ilikuwa na iliki.